Duara, mstari na hezi moja ya ziada

Jana usiku nilikaa na ile osiloskopu ya zamani, kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme kwa nukta ya mwanga kwenye skrini, mpaka nikasahau kula, na leo bado iko kichwani kwa hiyo acha niandike. Iko hivi: unachukua milio miwili ya hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, mmoja unaupitisha chaneli ya kushoto ambayo inaisukuma nukta ya mwanga huku na huku, mwingine ya kulia ambayo inaipandisha na kuishusha, ukiipishanisha robo ya mzunguko unapata duara. Duara la kijani, limetulia tuli. Sasa mmoja upandishe uwe 201. Duara linaanza kubonyea, linakuwa mstari umelalia kulia, linafunguka tena, linakuwa mstari umelalia kushoto, safari nzima sekunde moja, na ukikaa katikati ya spika mbili unasikia sauti inavimba mstari ukilalia kulia na inanywea ukilalia kushoto. Hakuna programu inayousikiliza muziki afu inaamua taa iwake lini, ni umeme uleule umegawanyika njia mbili, mmoja wa sikio mmoja wa jicho.

Ndo maana zile shoo za kila besi ikipiga taa inawaka zinanichosha mapema, ubongo ukishaushika utaratibu hauna tena cha kusubiri.

Na habari ya kuoanisha nota na rangi, duh, watu wamehangaika nayo karne kwa karne. Castel, padri wa Kifaransa, alitangaza wazo la kinanda cha macho, cha kuonyesha rangi kwa kila nota, mwaka 1725, Scriabin, mtunzi wa Kirusi, akaandika kabisa mstari wa taa kwenye muziki wake wa Prometheus wa 1910. Uthubutu wao naupenda ila hesabu inagoma: sikio linabeba oktava kama kumi (kila oktava ni hezi kuongezeka mara mbili), hezi 20 mpaka 20,000, jicho haifiki hata oktava moja kamili, sasa utazibana vipi humo? Ufunguo wa C meja kwa Scriabin ulikuwa mwekundu, kwa Rimsky-Korsakov, mtunzi mwingine wa Kirusi, mweupe, na wote wawili walikuwa na uhakika.

Kinachoshika kweli ni muda. Kuna jaribio lilichapishwa mwaka 2000 na watafiti kina Shams, mwanga unamweka mara moja tu lakini ukiambatana na milio miwili mifupi, watu wanaona umemweka mara mbili. Yaani sikio linaliambia jicho limeona nini! Tena tunavumilia zaidi sauti ikichelewa kuliko ikitangulia, nadhani kwa sababu tumezoea hivyo, sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde kwa hiyo aliyesimama mita 34 kutoka kwenye spika tayari anaisikia sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kuona. Kwenye ukumbi mkubwa huwezi kuwapatia wote, lazima uchague utawapendelea wa wapi, mi naanza na wa katikati.

Tunachobishana sasa na mwenzangu ni taa za kumweka kwa kasi pale mwishoni mwa shoo yetu. Yeye anazitaka, mi sitaki, zikizidi mara tatu kwa sekunde unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa cha mwanga, na chumba chenyewe kimezungukwa na skrini pande zote, ataangalia wapi? Nimependekeza kipande hicho tuzime kila kitu ibaki sauti peke yake. Bado hajajibu meseji.