Siku moja maishani mwangu: hita inayopumua moshi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Julai ya Nairobi haina huruma. Nimeshuka matatu Industrial Area mikono ikiwa kwapani, na cha kwanza gereji ni kuwasha jiko la chai, maana spana iliyolala na baridi inauma vidole. Kwenye nafasi ya pili inaningoja Porsche 911T ya 1972, gari la michezo la Kijerumani, ya mzee mmoja wa Limuru. Aliileta jana jioni akitaka hita iongezwe nguvu. Kabla ya kufunga nilizinyunyizia nati za ekzosi mafuta ya kulegeza kutu, zilale nayo usiku kucha.

Saa mbili

Mzee amekuja mwenyewe na teksi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Umeiona? Joto linakuja kidogo, na Mama analalamika kichwa. Tukifika Westlands kinamgonga. Akishuka apate hewa nusu saa, kimeisha."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi sina shida. Napenda kioo changu kiwe wazi kidogo."

Niliweka kikombe chini. Mtu anayeumwa kichwa ndani ya gari na kupona nje ya gari, hiyo si baridi wala si umri. Nikamwomba Mzee aniachie ufunguo na asiniulize saa ya kumaliza.

Asiyeyajua magari haya ataniona nina haraka ya kuogopa. Gari za kawaida hita hupata joto kwenye maji ya rejeta. 911 ya zamani haina rejeta, injini yake inapozwa kwa hewa. Kwa hiyo walioitengeneza waliomba joto kwa ekzosi yenyewe. Kila upande wa injini kuna mabomba matatu ya moshi yaliyovikwa koti la bati, sisi tunaliita boksi la joto. Feni ya injini inasukuma hewa ndani ya koti, hewa inapita juu ya bomba lenye moto, halafu inafuata mifereji iliyo chini ya milango hadi miguuni na kwenye kioo cha mbele. Kati ya moshi wa injini na pua ya abiria pana unene wa bomba tu. Bomba likitoboka, feni ile ile inausukuma moshi ndani. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo ndani ya moshi huo, haina rangi, haina harufu, na inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Saa tatu

Tumeisukuma hadi uani, maana gari kama hii siwashi chini ya paa. Nimeweka kipimo cha kaboni monoksidi juu ya kiti cha abiria, nikafunga vioo, nikawasha. Mpini wa hita, ule ulio karibu na breki ya mkono, ukiwa chini: kipimo kimetulia. Nimeuvuta juu. Namba zikaanza kupanda huku nikiangalia kupitia kioo, na zilipofika sehemu 90 kwa milioni nikafungua milango yote na kuzima.

Kulikuwa na harufu pia, ya oili iliyoungua. Mzee aliniambia jana kwamba magari haya ndivyo yanavyonuka. Si kweli. Vifuniko vya valvu vya chini vinavuja, oili inadondokea maboksi yenye moto, na harufu hiyo inaingia na hewa ya hita. Ubaya wake ni kwamba watu wameizoea, hata moshi wenyewe ukiingia hawaushtukii.

Saa tatu na nusu

Jeki, vigingi, magurudumu ya nyuma nje. Injini ikipoa nimefungua mipira inayounganisha hita. Hapa nina kipimo nilichofundishwa na fundi aliyenilea: chomeka blowa kwenye mdomo wa sailensa, ipulize hewa kinyumenyume. Ziba tundu moja la boksi kwa kitambaa, na lile lingine lipake utando wa maji ya sabuni, kama watoto wanavyocheza na mapovu. Boksi likiwa zima, utando hautikisiki.

Upande wa kushoto ulitulia kama kioo. Upande wa kulia utando ulitutumka, ukawa puto la ukubwa wa ngumi, ukapasuka. Mwanafunzi wangu aliomba turudie. Tukarudia mara tatu.

Saa nne hadi saa saba

Nati 12 za ekzosi, mbili kwa kila silinda, zimekaa juu ya stadi, zile boliti zisizo na kichwa zilizosimikwa kwenye injini, zilizopikwa na kuliwa na kutu kwa zaidi ya miaka 50. Kazi hii huwezi kuikimbiza. Unapasha nati kwa gesi hadi iwe nyekundu ya giza, unaigusisha nta ya mshumaa inyonywe ndani ya nyuzi, unaikaza kidogo sana kwanza, ndipo unailegeza. Ikilia "ti!", simama, rudi, nenda tena. Mkono unajua kabla ya kichwa: nati inayokubali inazunguka nzito lakini sawasawa, na stadi inayotaka kukatika inakuwa laini kama peremende iliyoshika joto.

Kumi na moja zilitoka. Ya silinda ya 5 ilianza kulainika, nikaacha, nikapasha tena, na bado ikakatika. Kilibaki kisiki kama nusu kidole. Niliweka nati mpya juu yake, nikachomelea ndani ya tundu lake, na nikiwa bado naiona nyekundu nikaizungusha. Ikatoka yote. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, maana stadi inayokatikia ndani ya kichwa cha injini, hapo kinachofuata ni drili.

Saa saba na nusu

Chapati na madondo kwa mama wa kibanda, tukiwa tumesimama.

Saa nane

Nimelikata koti la boksi la kulia kwa grenda, na hapa ndipo niliumia moyo. Kwa nje kulikuwa na kiraka cha bati, kimechomelewa vizuri, kimepakwa rangi ya fedha. Fundi aliyetangulia aliona moshi unatoka kwenye koti akaziba koti. Bomba la ndani hakuligusa. Ufa wake ni mrefu kama kidole changu cha kati, masizi yamezunguka pande zote. Moshi uliokuwa ukitokea nje akaufungia njia, ukabaki na njia moja tu, ya kwenda kwa abiria.

Sijui alikuwa na haraka gani. Boksi la joto halitiwi kiraka. Libadilishe, au uzibe hita kabisa na umwambie mwenye gari avae sweta.

Saa tisa

Mengine yaliyobaki: gasketi mpya za vifuniko vya valvu, waya wa hita uliokuwa umeshikwa na kutu, na kile kiboksi chenye mlango mdogo kinachomwaga hewa ya moto nje hita ikifungwa. Mlango wake ulikuwa haufungi sawasawa. Mwanafunzi ameusafisha hadi unaanguka wenyewe.

Saa kumi na moja

Mzee amerudi na hadithi zake za Safari Rally: mwaka ule ule wa 1972 dereva Mikkola alishinda na Ford Escort, mwenzake Zasada akaja wa pili na 911. Porsche ilishika nafasi hiyo tena 1974 na 1978, na ushindi haikuupata. Kwa kawaida ningemsikiliza hadi usiku.

Nilimpa tochi. Aliinama, akapitisha kidole juu ya ufa, kikatoka cheusi.

"Jumamosi tuna harusi Nakuru, fundi. Huwezi kuyarudisha tu maboksi haya kwa muda?"

"Mzee, siwezi. Nenda na gari lingine."

Alikaa kimya, akifuta kidole kwa leso.

"Mjukuu wangu huwa analala kiti cha nyuma," alisema. "Tulidhani gari linambembeleza."

Kisha akaniuliza maboksi mapya ya chuma kisichoshika kutu yanachukua muda gani kufika kutoka nje. Nikamwambia wiki kadhaa.

"Agiza yote mawili."

Saa kumi na mbili

Nimetoa waya wa betri, nikaandika USIWASHE kwa chaki kwenye kioo cha mbele, ufunguo nikautia mfukoni mwangu.