Tulivyoanza Dungeons & Dragons kwa karata, dadu ya ludo na karatasi nne

Mtu akitaka kuanza kucheza Dungeons & Dragons, kitu cha kwanza anachokutana nacho mtandaoni ni orodha ya manunuzi: vitabu vitatu vinene, seti ya dadu saba, visanamu vya wapiganaji, ramani za kutandaza mezani. Hapa Mwanza sikupata duka linalouza vitu hivyo, na kuviagiza nje ni kulipia usafiri juu ya bei. Nikaamua kuuchambua mchezo wenyewe nione ni kipi kikikosekana hauchezeki. Nilibaki na vinne: msimulizi aliyejiandaa, wachezaji watatu au wanne, karatasi ya kila mhusika, na njia ya kupata namba ya bahati kati ya 1 na 20. Vingine vyote ni mapambo.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, ni mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kwa kawaida hauna mshindi. Msimulizi anaeleza mahali na hatari iliyopo, kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale ambapo jambo linaweza kwenda huku au kule, dadu ya pande 20 inaamua. Unairusha, unajumlisha namba iliyo kwenye karatasi yako, na ukifikia kiwango alichoweka msimulizi umefaulu. Jambo rahisi ni 10, la wastani 15, gumu 20.

Kanuni hazikunigharimu kitu. Januari 2023 Wizards of the Coast, kampuni inayoumiliki mchezo huu, iliweka kanuni zake za msingi, zinazoitwa SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons. Yeyote anaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa, hata kuzitafsiri, mradi ataje zilikotoka. Faili lina mamia ya kurasa, na mgeni hazihitaji zote. Nilienda steshenari nikachapisha kurasa za mapigano, za silaha, na ule wenye maelezo ya goblini, vijizimwi vifupi vinavyopenda kuvizia watu njiani.

Dadu ya pande 20 tuliitengeneza kwa karata. Chukua kopa kuanzia ree hadi kumi, hizo ni 1 hadi 10. Chukua shupaza vivyo hivyo, hizo ni 11 hadi 20. Changanya, chomoa moja, isome, irudishe, changanya tena. Kurudisha ni lazima, la sivyo hesabu ya bahati inaharibika. Kwa madhara ya silaha nilichagua zile zinazotumia dadu ya kawaida ya pande 6, kama upanga mfupi na rungu la chuma, nasi dadu ya ludo ilikuwepo nyumbani. Ikitakiwa dadu ya pande 4, tunarusha hiyohiyo, na ikija 5 au 6 tunarudia.

Wahusika niliwaandaa mwenyewe kabla, na jambo hili nalisisitiza kwa yeyote anayewaalika wageni wa mchezo. Kumtengeneza mhusika kwa kufuata kanuni zote kunaweza kumaliza jioni nzima, na watu wakaondoka bila kuonja hadithi. Kila mhusika ana sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Unazigawia namba 15, 14, 13, 12, 10 na 8 kulingana na kazi yake, na kutoka kwenye namba hizo inapatikana ile nyongeza ndogo ya kujumlisha kwenye dadu. Nilitengeneza mpiganaji, mwizi mjanja, kasisi na mwanafunzi wa uchawi, kila mmoja ukurasa mmoja, kwa Kiswahili.

Huyo wa uchawi alihitaji mazungumzo kwanza. Nyumbani kwetu ni watu wa dini, na mama alitaka kujua wanae wanakaa mezani wakifanya nini. Nilimwonyesha karatasi: uchawi hapa ni mstari unaosema mishale mitatu ya mwanga inampiga adui bila kukosa, kila mmoja kwa dadu ya pande 4 na kuongeza 1. Hakuna cha kuapiza wala cha kuomba. Akaelewa. Hata hivyo nilimwambia kila mwalikwa kwamba asiyependa uchawi achukue upanga, na tukakubaliana mapema mambo ambayo hatutayaingiza kwenye hadithi. Mazungumzo hayo ni sehemu ya maandalizi kama zilivyo dadu.

Hadithi yangu ilikuwa fupi: kisiwa, wavuvi wa dagaa, na goblini watatu walioziba njia ya kwenda gatini. Niliandika wanachokitaka goblini, majina ya wanakijiji watatu, na kitakachotokea wachezaji wasipofanya lolote. Sikuandika wachezaji watafanya nini, kwa sababu hiyo ni kazi yao.

Shemeji, aliyechukua yule mwizi, aliniuliza, "Sasa hapa naruhusiwa kufanya nini?"

"Chochote ambacho mtu wako anakiweza, shemeji."

Akafikiri. "Basi nawauliza hao goblini kama wana njaa."

Binamu yangu alikuwa ameshauchomoa upanga wa mpiganaji wake. Nikaweka kiwango cha 15. Shemeji akachomoa nne ya shupaza, yaani 14, akajumlisha 2 za haiba, 16. Goblini wawili wakashusha mikuki na kuusogelea mfuko wa dagaa. Wa tatu akakataa kuhongwa, na hapo binamu akapata alichokuwa akikisubiri. Goblini ana kinga ya 15, yaani kiwango cha kufikia ili kumpiga, na uhai wa 7, yaani madhara ya kummaliza. Binamu alipata 12, akaongeza 5 za kwenye karatasi yake, upanga ukafika. Dadu ya ludo ikatoa 4, akaongeza 3, uhai wote ukaisha. Meza nzima ilipiga kelele hadi mama akaja kuuliza nani kafunga goli. Hapo niliona raha ya mchezo huu: hoja ya shemeji na upanga wa binamu vilipita kwenye hesabu ileile, na kila mmoja aliubadilisha mkasa kwa namna yake.

Kanuni nyingine tuliziongeza moja moja, hadithi ilipozidai. Anayetaka kusimulia asizikariri. Akikwama, ataje kiwango kinachomwingia akilini, mchezo uendelee, kisha aisome kanuni yenyewe baadaye.

Na kama umepata wachezaji wawili tu, anza nao. Punguza goblini wabaki wawili, na umpe kila mchezaji mhusika wa pili wa kumsaidia.