Jike langu la Labrador, baada ya kufungwa kizazi

Wawindaji wenzangu hapa Iowa, Marekani, walinionya: ukimfunga kizazi huyo Pili, atageuka mbwa wa kulala sebuleni. Wapi!

Pili kazi yake ni kuwatimua fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, vichakani na kuwaokota wakishaanguka. Msimu wao unafunguliwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, na mwaka juzi siku hiyo ilimkuta yuko kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume. Tukabaki nyumbani. Jike mwenye joto akifika shambani, madume ya wenzako hayana habari na ndege tena, na hali hiyo huchukua wiki tatu hivi, karibu mara mbili kwa mwaka.

Upasuaji wa kumtoa ovari (viungo vya mayai) na mfuko wa uzazi nilingoja apite mwaka mmoja na mifupa ikomae. Kwa Labrador, kufanya mapema mno huongeza hatari ya maradhi ya viungo; watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wameliandika hilo.

Msimu uliofuata? Pua ileile, wazimu uleule akisikia bunduki. Hamu ya kuwinda inatoka kwenye ukoo wake na mafunzo, haikai kwenye ovari. Kilichobadilika ni kiuno! Mwili baada ya upasuaji unahitaji chakula kidogo zaidi, na Pili alianza kuhema mapema kwa sababu ya unene. Nikapunguza bakuli, pumzi ikarudi.

Na ile hofu ya usaha kwenye mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua majike wengi wasiofungwa, mimi sinayo tena. Wenye majike wanaovuja mkojo usingizini baada ya upasuaji, waoneni madaktari, dawa zipo.