Betri Nne

Jana usiku rimoti ya televisheni iligoma. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikazitoa betri, nikazisugua kwenye viganja, na bila hata kufikiri nikaitia moja mdomoni nikaing'ata. Binti yangu akatoa macho.

"Mama, unakula betri?"

Nikamwambia naiamsha tu. Nikairudisha, televisheni ikawaka, akaendelea na katuni zake. Mimi nikabaki na ile ladha ya bati kwenye meno, na usingizi ukapotea. Mara ya mwisho kumwona mtu anang'ata betri ilikuwa mwaka 1983, na mtu huyo alikuwa baba.

Redio yetu ilikuwa National ya betri nne kubwa. Ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mama kwa uzi mwekundu, na mtoto hakuruhusiwa kuigusa. Baba hakuwa mkali. Betri ndizo zilikuwa adimu. Miaka ile kila kitu kilikuwa adimu: sabuni, khanga, viberiti, mafuta ya taa. Mama alifulia majani ya mpapai. Sukari ilipokosekana tulitia asali kwenye chai, maana kwetu Manyoni asali haikuwa shida. Watu waliamka usiku kwenda kuweka jiwe kwenye foleni ya duka, kila mtu na jiwe lake analijua, kisha wanarudi kulala. Betri zikifika, balozi wa nyumba kumi anaandika majina, na ukibahatika unapata mbili. Kwa hiyo redio yetu siku zote ilikuwa na mbili nzima na mbili zilizochoka, na zile zilizochoka zilianikwa juu ya bati tangu asubuhi kama dagaa.

Baba kwao ni Mahenge. Alipangiwa kufundisha huku kwetu, na huko Mahenge akawaacha wazazi wake na ndugu zake wote. Barua ilitembea wiki nyingi. Simu hatukuwa nayo, wala hatukumjua mtu mwenye nayo. Kilichotuunganisha na Mahenge ni Redio Tanzania. Saa mbili usiku ngoma ya taarifa ya habari inalia, baba anavuta kiti, anasikiliza habari zote, halafu yanakuja matangazo ya vifo. Hapo hata kutafuna tuliacha. Mama alishika mwiko bila kuusogeza. Yakiisha bila Mahenge kutajwa, baba anasema, "Haya," anazima, tunaendelea kula.

Sasa nifike pale ambapo huwa sipendi kufika. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunaiiba redio. Tulikuwa tunasikiliza kipindi cha Mama na Mwana. Sauti ya Deborah Mwenda akisimulia hadithi, kwa watoto tusiokuwa na kitabu hata kimoja cha hadithi nyumbani, ilikuwa kitu kikubwa sana, nashindwa kukieleza kwa mtoto mwenye katuni saa ishirini na nne. Baba akiwa shambani na mama kisimani, naishusha redio, tunaingia nayo chini ya kitanda, tunaifungua kidogo sana na kubandika masikio kwenye spika. Hadithi ikiisha tulipaswa kuzima. Mara nyingi hatukuzima. Kulikuwa na nyimbo.

Usiku ninaousema tulikuwa tumekula ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano, na mlenda. Koroboi ilikuwa mezani. Habari zilisikika vizuri, au labda sauti ilikuwa imeshaanza kuzama na mimi peke yangu ndiye niliyeitambua, kwa sababu nilikuwa na sababu ya kuisikiliza. Yakaanza matangazo ya vifo. Tangazo la kwanza la Mwanza. La pili la Tanga. La tatu, mtangazaji akasema, "Bwana," akataja jina ambalo halikushikika, "wa Mahenge, Ulanga, anasikitika kutangaza kifo cha..."

Sauti ikashuka. Haikukatika ghafla. Ilizama polepole, kama mtu anayeongea huku anatembea kwenda mbali, na baba akainama kuifuata. Akaweka sikio kwenye redio, mkono mmoja umeshika kabati. Kisha kimya.

Naikumbuka mikono yake kuliko uso. Aliigeuza redio, akafungua mlango wa betri kwa ukucha, akazimimina zote nne kwenye meza karibu na koroboi. Akachukua ya kwanza, akaing'ata katikati, nikasikia meno yakiteleza kwenye bati. Ya pili. Ya tatu. Mama alikuwa tayari ameshaleta kigae chenye jivu la moto kutoka jikoni, na bila kuambizana neno akamwekea hapo mezani, baba akazilaza betri kwenye jivu, akazigeuza kwa ncha za vidole kama mtu anayechoma mahindi. Mdogo wangu alinishika gauni. Nilijua angalau wiki mbili za betri zile zilikwisha chini ya kitanda chetu.

Akazirudisha. Redio ikakoroma. Ikatoa maneno mawili, nayasikia hadi leo: "...mwalimu, Manyoni..." Ikazima kabisa.

Baba akakaa. Mama akasema taratibu, "Mwalimu, Mahenge kuna watu wengi."

"Na Manyoni tuko wangapi?" akajibu.

Akatoka gizani kwenda kwa mwenyekiti, ambako kulikuwa na redio nyingine. Alirudi baada ya muda mrefu. Wao walikuwa wamesikia Mahenge, wamesikia na cheo chake, lakini watoto walikuwa wanapiga kelele na jina la marehemu halikushikwa. Baba alikuwa na mama yake, baba yake, na kaka zake watatu. Alikaa kitandani akamwambia mama, nami nasikia kupitia pazia: "Sijui nimlilie nani."

Alfajiri aliondoka na baiskeli ya kuazima hadi stesheni. Treni hadi Morogoro, basi hadi Ifakara, kivuko cha mto Kilombero, na kule ng'ambo akasubiri lori la kumpandisha Mahenge. Marehemu alikuwa bibi. Alikuta kaburi limeshasakafiwa.

Nimepiga hesabu ya safari ile mara nyingi sana. Hata angesikia jina lote usiku ule, asingewahi mazishi. Hilo nina hakika nalo. Lakini hesabu hii hainipi nafuu niliyoitarajia, kwa sababu nilichomnyima baba siyo mazishi. Ni zile siku za njiani, amekaa kwenye behewa katikati ya watu, analia bila kujua analia nani, labda anaomba Mungu awe huyu asiwe yule, halafu anajuta kwa kuomba hivyo. Sikuwahi kumuuliza. Alipofariki yeye, ujumbe ulinifikia kwenye simu nikiwa sokoni, jina lake limeandikwa lote, na nililisoma mara tatu pale pale mbele ya fungu la nyanya.

Alirudi Manyoni baada ya karibu mwezi, amenyolewa kipara, amebeba mchele wa Kilombero na betri mbili mpya kwenye mfuko wa koti. Hakuuliza nani alimaliza zile nyingine. Mama naye hakuuliza. Siku kadhaa zikapita, kisha mchana mmoja ambao hakwenda shambani, akaitoa redio kabatini, akaiweka chini, juu ya mkeka, usawa wetu. Akaniangalia mimi, siyo mdogo wangu.

"Mama na Mwana wanaanza saa ngapi?"

Nikamtajia saa na dakika. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe, nikanyamaza.

"Haya," akasema. Akafungua redio, akakaa na sisi mkekani hadi hadithi ikaisha, kisha akazima.