Tulimpumzisha mama mpaka akaishiwa nguvu

Nilijua hali imebadilika siku nilipomkuta mama anaswali Adhuhuri akiwa kwenye kiti cha plastiki, mkeka umekunjwa pembeni. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba kusujudu kumemshinda. Ana miaka 74. Magoti yote mawili yanamuuma, la kulia zaidi, na daktari alikuwa ameshatueleza kwamba gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, limesagika. Tukapewa vidonge vya maumivu, tukarudi zetu Walukuba, hapa Jinja, Uganda, na sisi watoto tukaanza kumpumzisha.

"Mama, kaa. Mama, usinyanyuke." Maji aliletewa, chakula aliletewa, hata redio ilisogezwa karibu na mkono wake. Wajukuu waligombezwa wakionekana wamemwacha Jaja, yaani bibi yao, ashike ufagio. Tulifanya hivyo kwa mapenzi, na miezi minane ikapita.

Siku ya Idi nikamvalisha gomesi, lile gauni refu la wanawake wa Uganda. Mkanda wa kiunoni, ambao zamani ulibakiza ncha fupi, sasa ulining'inia karibu na magoti. Nikashtuka. Kwenye mizani akawa kilo 55, na daftari lake la kliniki la mwaka uliotangulia lilionyesha 61. Hakuwa amejinyima chakula, ila hamu ya kula ilikuwa imemtoka. Chupa ya maji alimpa mjukuu amfungulie. "Mwanangu," aliniambia, "nachoka kabla sijafanya kitu."

Nikampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo tu. Goti hakuligusa kwanza. Alimwambia, "Jaja, nishike mkono unibane kwa nguvu zako zote." Kisha akapima mita nne sakafuni kwa utepe, akamwomba atembee mwendo wake wa kawaida. Sekunde tisa. Akanieleza kwamba ikizidi sekunde tano, huo ni mwendo wa kuangaliwa. Akauliza uzito, uchovu, na siku nzima mama huipitishaje. Mambo matano: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka, mkono kukosa nguvu, mwendo kuwa wa polepole, kukaa bila kujishughulisha. Watafiti wa Marekani waliyapanga hivyo mwaka 2001, na mwenye matatu huhesabiwa kuwa ameingia kwenye udhaifu wa uzeeni. Mama alikuwa nayo yote matano. Nilibaki nimeinamisha kichwa, kwa sababu lile la tano tulimpa sisi.

Alinifafanulia hivi: misuli ya paja ndiyo inayolishikilia goti. Goti likiuma mtu hukaa, akikaa misuli hunywea, na ikinywea mzigo wote huangukia goti, nalo huuma kuliko jana. Gegedu lililosagika halirudi. Misuli hurudi, hata kwa mtu wa miaka 80, ila lazima ifanyishwe kazi na ilishwe.

Basi tukaanza na kiti. Kuinuka na kukaa bila kushika popote. Siku ya kwanza alishindwa hata mara moja, akalia, nami nikalia jikoni asinione. Tukaweka mito miwili juu ya kiti ili kiwe kirefu, akaweza mara tatu. Asubuhi tatu, jioni tatu. Kila alipozoea tulipunguza mto. Kisha akiwa amekaa, ananyoosha mguu mmoja mbele, anahesabu hadi tano, anashusha taratibu. Niliogopa sana alipolalamika maumivu. Binti yule alisema maumivu madogo wakati wa zoezi si hatari, mradi kesho yake goti lisiwe limevimba au limezidi kuuma. Likizidi, punguza idadi, usiache.

Chakula kilitugharimu fikra kuliko pesa. Mama alikuwa anaishi kwa chai na muhogo. Sasa mukene, wale dagaa wa ziwani, husagwa na kuchanganywa kwenye mchuzi wa karanga, maharage hayakosi, na yai moja asubuhi. Vile vidonge alikuwa anavimeza kila siku, tena ana presha. Daktari akavisimamisha, maana dawa za aina ile zikitumiwa muda mrefu huweza kuumiza tumbo na figo na kupandisha presha. Akampa ya kupaka. Fundi seremala akatutengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo cha shimo, maana kuchuchumaa ndiko kulikokuwa kunamtesa kuliko yote, na aibu ilimfanya asiseme. Kama una mzee mwenye magoti, muulize habari za choo, muulize mkiwa wawili. Fimbo alikuwa nayo, lakini aliishika upande wa goti bovu. Ikahamishiwa mkono wa kushoto, na mwendo ukanyooka siku hiyohiyo.

Ilichukua miezi minne. Sasa anainuka mara tisa kwa nusu dakika, mita nne anazitembea kwa sekunde sita, na kilo zimepanda hadi 58. Magoti bado yanauma, hasa asubuhi, na kusujudu bado anasujudu kitini.

Ijumaa iliyopita nilirudi kazini nikakuta kiti chake kitupu. Moyo ulinidunda. Wajukuu wakaniambia Jaja ameenda Masese na fimbo yake, kuchagua mukene mwenyewe, kwa sababu wa kwangu una mchanga.