Siku moja maishani mwangu: mikorosho, fedha na bakteria, Mtwara

Saa 12 asubuhi niko Mikindani, nachuma majani ya mkorosho kabla jua halijawaka. Saa 2 nimeshafika maabara; kuosha, kukatakata, kuchemsha, kuchuja. Natafuta kama maji ya majani haya yanaweza kutengeneza chembe ndogo mno za fedha, ile madini, zinazozuia bakteria.

Saa 4 ndiyo naipenda. Natayarisha silva naitreti, yaani chumvi ya fedha, milimola 1 kwa lita, kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa. Ya bomba yana kloridi: ukiyatumia, chupa inageuka nyeupe kama tui na fedha inatuama chini. Nikishachanganya na maji ya majani, ile njano hafifu inakolea taratibu hadi kahawia. Fenoli na flavonoidi, kemikali za asili za majani, zinazipa ayoni za fedha elektroni, na chembe zinaanza kujijenga, hata nanomita 100 hazifiki (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Naweka kidogo kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa: kilele kati ya nanomita 400 na 450, alama ya chembe za fedha. Zimepatikana, bila kuongeza kemikali nyingine kali.

Saa 5 na nusu, nikiwa na rula napima sahani za jana nilizooteshea bakteria, akaingia kaka mmoja muuza dawa za asili.

"Dada, nasikia majani yetu yanaua wadudu. Nipe lita tano, kufungasha nitafungasha mwenyewe."

Nikamwambia bado si dawa. Akaketi. Nikamwonyesha sahani yenye vidonge, yaani vikaratasi vya duara vilivyoloweshwa: cha maji ya majani matupu, bakteria wameota mpaka ukingoni. Cha silva naitreti peke yake, duara safi lisilo na bakteria. Cha chembe zetu, duara safi. Cha antibayotiki, duara kubwa kuliko yote.

"Si unaona wamekufa?"

"Wamekufa kwenye sahani, kaka. Fedha inayoua bakteria inaweza kuumiza na seli za mtu. Mtu akiinywa muda mrefu ngozi inageuka kijivu cha bluu, na hairudi."

"Basi ya kupaka."

Nikamwonyesha vidole vyangu vilivyo na madoa meusi ya silva naitreti. Akasema wateja wake hawajali madoa. Akapanda bei. Akaniuliza nalipwa kiasi gani hapa. Akapiga simu, akarudi kwenye lita mbili, kisha chupa moja ya kujaribia kidonda cha mtoto wa dada yake. Hapo nikaweka rula chini. Nikamwambia huyo mtoto apelekwe hospitali leo, na chupa haitoki humu. Aliondoka amenuna, na chai yangu imeshapoa.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Umeme ulikatika sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi ili chembe zitulie chini, ikizunguka. Ulipowaka nikaanza upya, kuzungusha, kumwaga, kuosha chembe, kuzungusha. Mgongo unawaka. Bakteria wa aina mbili: Staphylococcus aureus sahani hizi, Escherichia coli zile, kila moja na vidonge vyake vinne, maana bila kile cha silva naitreti peke yake huwezi kujua chembe zimeongeza nini.

Giza limeshaingia nikizipanga sahani kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, nyuzi 37. Nimeandika tarehe kwenye kila sahani na kufunga kabati la chupa kwa kufuli. Kesho asubuhi zinasomwa.