Magamba madogo ya konokono: nilivyoyapata Amboni

Hapa Tanga ukitaja konokono, mtu anamuwaza yule mkubwa anayemaliza mchicha bustanini. Niliokuwa nawataka mimi ni wa milimita tatu au nne, unawakanyaga wala hujui. Kuwatafuta kwa kuinamia njia nzima ni kujitafutia maumivu ya shingo. Mambo yalininyookea nilipoacha kutafuta konokono nikaanza kubeba udongo.

Si udongo wowote. Konokono hujenga gamba lake kwa chokaa, na akifa, udongo wenye asidi hulila gamba upesi. Kwenye mawe ya chokaa hudumu. Ndiyo maana nilielekea upande wa Amboni, kwenye yale mapango ya mawe ya chokaa. Mapangoni sikugusa kitu, ile ni hifadhi. Nilimwomba mzee mwenye shamba jirani.

"Unataka majani yaliyooza tu? Na nazi huzitaki?" akaniuliza, akacheka mpaka akakohoa.

Nilizoa mboji chini ya majani makavu, hasa pale jiwe linapokutana na ardhi, maana mvua husukumia magamba hapo. Nyumbani niliianika hadi ikawa vumbi kabisa. Usiharakishe hapa. Gamba tupu lililokauka lina hewa ndani, kwa hiyo ukimimina udongo kwenye ndoo ya maji, linaelea pamoja na vijiti, ilhali mchanga unazama. Vinavyoelea nilivichota kwa chujio la chai nikavitandaza kwenye gazeti. Yaliyojaa tope huzama, basi mabaki ya chini nayo niliyapitisha kwenye chekeche. Kuchambua nilitumia brashi ndogo ya rangi iliyolowa, kibanio huyavunja.

Kutambua ndiko kwenye utamu. Rangi niliipuuza, kwani gamba la zamani hupauka likawa jeupe kama mengine yote. Nilishika lenzi, ncha juu, mdomo ukinielekea: mdomo ukiwa kulia, gamba limezunguka kulia. Kisha nahesabu mizunguko, naangalia kama chini kuna kitovu, yaani kitundu katikati ya mizunguko, halafu narudi mdomoni. Mdomo ndio kila kitu. Membamba marefu kama msumari, yasiyo na jino, mengi ni ya jamii ya Subulina. Ukibahatika unaona mayai meupe kupitia gamba. Yaliyo mafupi kama pipa, yenye vijino vinavyoziba nusu ya mdomo, ni Gulella, ambao hawali majani kabisa: wanakula konokono wenzao. Nilipolijua hilo nilikaa nikayatazama upya yale mapipa madogo.

Tahadhari mbili. Gulella mchanga hana meno bado, kwa hiyo gamba lenye mdomo mwembamba, ambao ukingo wake haujanenepa, naliweka pembeni bila jina. Pili, karibu na pwani magamba ya baharini huchanganyikana na udongo. Hayo kwa kawaida ni mazito zaidi na yamesuguliwa na mchanga.

Kila kichupa kina karatasi ya mahali, tarehe na aina ya jiwe, imeandikwa kwa penseli kwa sababu wino huyeyuka. Kwa Gulella naishia kwenye jina hilo la kwanza, la kundi, bila jina la aina. Aina zake Afrika Mashariki ni nyingi mno, na baadhi hutofautiana kwa idadi ya meno na yalipokaa, kwa hiyo kila moja nalipiga picha ya mdomo, ya ubavu na ya chini, rula ikiwa kando.